Maswali yenu ya picha za Ulaya: madaraja, makanisa na baridi

Naenda Prague mwezi wa sita, nataka picha ya Daraja la Charles bila umati wa watu. Nifike saa ngapi?

Saa kumi alfajiri ndugu yangu, sikutanii. Sisi tumezoea jua linalotoka na kuzama karibu muda uleule mwaka mzima, sasa kule mwezi wa sita linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na halizami mpaka kama saa tatu na robo usiku, kwahiyo ukisema utafika saa moja asubuhi jua lishapanda na watu washajaa. Ukiwahi, anga bado ni bluu, simama katikati ya daraja uangalie upande wa Mji Mkongwe wa Prague maana jua linatokea huko, zile sanamu 30 za darajani na ule mnara wa mwisho wa daraja vinabaki vivuli vyeusi, inapendeza sana. Na jioni usikimbilie kurudi hotelini jua likishazama, kwetu baada ya nusu saa ni giza totoro ila kule bluu inakaa muda mrefu, huo ndo mwanga mi naupenda kuliko wote. Desemba sasa ni kinyume, saa kumi jioni jua lishaenda.

Kanisa kuu la Cologne, Ujerumani, kila nikilipiga linaonekana kama linaangukia nyuma, simu yangu mbovu?

Simu nzima kabisa. Minara ile ina mita 157, we umesimama chini yake unainua simu juu, lazima mistari ibanane kule juu. Dawa ni kurudi nyuma, tena mbali, pita Daraja la Hohenzollern kwa miguu uvuke mto Rhine mpaka ng'ambo ya Deutz, hapo unashika simu imenyooka bila kuiinua na kanisa lote linaingia, pamoja na daraja na mto. Nenda jioni, jua linazama nyuma ya minara. Jengo limeanza 1248 likaja kumalizika 1880, jamani, halistahili picha ya haraka ya kwenye ngazi za stesheni.

Eti kupiga picha Mnara wa Eiffel usiku ni kosa?

Kupiga ukae nayo mwenyewe hakuna shida. Mnara ni wa 1889 na Gustave Eiffel alifariki 1923, haki zake zilishaisha, ila zile taa za usiku zinahesabika kazi ya sanaa inayolindwa, kwahiyo ukitaka kuuza picha au kuiweka kwenye tangazo omba kibali kwanza. Ya mchana uza tu.

Ndani ya kasri la Neuschwanstein kule Ujerumani wanaruhusu kamera?

Hawaruhusu, kama ilivyo kwenye kanisa la Sistine Chapel kule Vatican. Picha nzuri ya hilo kasri iko nje bwana, panda mpaka daraja la Marienbrücke.

Kamera inazima milimani kwenye theluji wakati betri nimechaji usiku kucha.

Baridi inaidhoofisha betri, haijaisha. Beba ya akiba mfuko wa ndani karibu na mwili, ile iliyozima nayo iweke humo ipate joto, mara nyingi inarudi. Kitu kingine ambacho watu hawakiangalii, kabla hujaingia ndani kwenye joto ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje na uiache humo mpaka ipate joto taratibu, la sivyo lenzi inashika mvuke mpaka ndani.