Maswali ya Wasomaji: Semina Ikiisha, Nani Huwashika Mkono Wafanyabiashara Wapya?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu ninayeishi Malindi. Kikundi chetu kilipata mfadhili, tukawaita vijana na kina mama wa Maweni na Kisumu Ndogo kwenye semina ya siku tano kuhusu biashara ndogondogo. Walifundishwa kuandika mpango wa biashara, wakapewa vyeti na nauli, tukapiga picha. Miezi sita imepita na wengi hawajaanza lolote, ilhali wachache walioanza wamekwama. Mfadhili anauliza kama turudie semina. Tumjibu nini?
Mwalimu Mstaafu, Malindi

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Mjibuni kwamba fedha mnazihitaji, ila safari hii zisiishie ukumbini.

Upo utafiti uliofanywa Dandora, Nairobi, na kuchapishwa mwaka 2018, ambao unafanana sana na hali yenu. Wanawake vijana wenye biashara ndogo waligawanywa: baadhi wakapelekwa darasani, na wengine wakaunganishwa na wafanyabiashara wazoefu wa mtaa huohuo wawe walezi wao wa kazi. Faida ya waliokwenda darasani haikubadilika kwa kiasi cha kuonekana, ilhali faida ya waliopata mlezi iliongezeka kwa takriban asilimia 20, hasa kwa sababu walezi waliwaelekeza kwa wauzaji wa jumla wenye bei nafuu. Jambo hilo haliandikwi katika kitabu chochote cha semina, kwa kuwa mwalimu anayetoka mji mwingine halijui. Hata hivyo, faida hiyo ilififia pindi mlezi na mwanagenzi wake walipoacha kukutana, na hapo ndipo bajeti yenu inapopaswa kuelekezwa: katika kuifanya mikutano hiyo idumu.

Sisemi kwamba darasa halina kazi. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2021, uliwafuatilia wanawake wa masoko ya mashambani katika kaunti nne za Kenya, waliofundishwa kwa siku tano tu kwa mtaala wa Shirika la Kazi Duniani, na miaka mitatu baadaye faida yao ilikuwa juu kwa asilimia 15 hivi. Lakini wanawake hao walikuwa tayari wana biashara. Kila walichofundishwa asubuhi walikuwa na mahali pa kukijaribu jioni. Vijana wenu walifundishwa kuandika mpango wa biashara ambayo haikuwapo.

Chukua mfano wa msichana anayekaanga viazi vya karai jioni. Tuseme ameuza kwa shilingi 900, akaondoa shilingi 500 za viazi na unga, akaamini kwamba amepata faida ya 400. Mlezi aliyewahi kukaa nyuma ya karai atamuuliza makaa yalilipiwa na nani, mafuta yametoka jikoni kwa mama yake kiasi gani, na wadogo zake wamekula sahani ngapi bila kulipa. Huenda ikabainika kwamba jioni ile alipata shilingi 100, au hakupata kitu. Maswali hayo yakiulizwa kando ya karai lenyewe, huku mafuta yakionekana yanavyopungua, yatamwingia kuliko jedwali lililochorwa ubaoni.

Mlezi wa papo hapo pia anaijua kalenda ya mji. Malindi hujaa kuanzia Desemba; ikifika Aprili wageni hupungua, baadhi ya hoteli hufunga kwa muda, na kusi inapoanza kuvuma kwa nguvu wenye mashua ndogo hawatoki baharini kila siku, kwa hiyo hata fedha za mtaani hukauka. Kijana aliyeanza Desemba, asipoambiwa mapema, atadhani mwezi wa Mei kwamba ameshindwa kazi, atauza vifaa vyake, na msimu utakaporudi hatakuwa na kitu. Mwezi wa Ramadhani nao una hesabu zake: muuza chai ya asubuhi hupoteza wateja, na mpika kaimati hulemewa na oda.

Kuhusu soko, msiende mbali, nendeni Gede. Mradi wa Kipepeo ulianza huko mwaka 1993 kwa kuwafundisha wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo. Pupa za vipepeo huuzwa nchi za nje, na zinapaswa kusafirishwa haraka kabla kipepeo hajatoka, jambo ambalo mkulima mmoja mmoja hangeliweza. Mradi ndio unaonunua na kusafirisha, na mkulima hujifunza kazi huku akijua atamuuzia nani. Ninyi hamna haja ya vipepeo, lakini kabla ya kumfundisha mtu kutengeneza achari ya embe, tafuteni duka au hoteli itakayokubali kupokea angalau chupa za majaribio.

Kwa hiyo ombeni fedha hizo ziwalipe posho mama muuza vitafunio, fundi cherehani, fundi wa pikipiki na wengine wa aina hiyo, kila mmoja awalee vijana wawili au watatu, wakutane kila wiki kwa miezi kadhaa. Kiasi fulani kilipie kibali cha biashara cha kaunti, na cheti cha afya kwa wanaouza chakula, maana wengi hukwama hapo. Vyeti vya semina vinaweza kusubiri.

SWALI: Nachonga milango na masanduku hapa Langoni. Niliwafundisha vijana wawili, na mmoja alipokwisha kuijua kazi akafungua karakana hatua chache kutoka kwangu. Sasa wazazi wengine wananiomba niwapokee watoto wao. Je, sijichimbii kaburi?
Fundi, Lamu

JIBU: Hofu yako ina msingi, Fundi, wala sitakuambia ufundishe kwa ajili ya thawabu peke yake, ingawa thawabu ipo. Ule utafiti wa masoko ya mashambani niliomtajia Mwalimu ulichunguza swali hilohilo, na haukuona kwamba wanawake waliofundishwa waliwanyang'anya wenzao wateja; biashara ya soko lenyewe ilikua. Uchongaji si kuuza nyanya, nakubali, na mlango mmoja huchukua muda mrefu. Lakini mwenye hoteli anayetaka milango mingi kwa wakati mmoja hawezi kumpa kazi hiyo fundi aliye peke yake. Ukiwa na jirani uliyemfundisha mkono wako, mnaweza kuipokea kwa pamoja.

La muhimu ni makubaliano ya maandishi pamoja na mzazi tangu siku ya kwanza: muda wa kujifunza, na muda ambao mwanagenzi atakufanyia kazi kwa malipo baada ya kuhitimu. Waambie pia kwamba aliyejifunza kazini anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Hicho ni cheti ambacho mwajiri anakitambua.

SWALI: Nimemaliza kidato cha nne na nataka kuuza sharubati ya ukwaju na maji ya embe karibu na steji ya magari. Nikope Mfuko wa Hasla ninunue friji?
Msichana wa Muyeye

JIBU: Kwa friji, hapana, mwanangu. Mfuko huo uliozinduliwa Novemba 2022 hukopesha mtu binafsi kati ya shilingi 500 na 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na mkopo hulipwa ndani ya siku 14. Ukikopa 10,000, asilimia 5 huwekwa akiba, hivyo mkononi unapata 9,500, na riba ya siku hizo haifiki hata shilingi 40. Riba si tatizo; tatizo ni kwamba friji haiwezi kujilipa kwa wiki mbili. Mkopo wa namna hiyo unafaa kununulia sukari, ukwaju na vikombe, vitu vinavyogeuka fedha siku ileile.

Anza na ndoo safi yenye kifuniko na barafu ya kununua. Friji itafutieni kikundi, mkajiandikishe na kuomba Mfuko wa Uwezo, ambao hukopesha vikundi vya vijana bila riba kupitia kamati ya eneo bunge. Mkienda, bebeni daftari la mauzo yenu.