Mtoto anauliza mama atapona lini, nami nimemdanganya

Shangazi, dada yangu ana miaka 35. Saratani ya titi imefika kwenye ini, na madaktari wamesema dawa hazifui dafu tena. Kilichobaki ni kumtuliza maumivu. Ana watoto watatu, wa miaka 11, 7 na 4. Shemeji hataki waambiwe, anasema watavunjika moyo. Nimehamia kwao: napika, nafua, nawalaza. Juzi yule wa miaka 7 aliniuliza mama atapona lini, nikamjibu "wiki ijayo". Jana nimekuta nyuma ya daftari lake amechora vistari saba kwa penseli, viwili ameshavikata. Tena tangu mama arudi kutoka hospitali haingii chumbani kwake. Dada naye siku hizi hasemi sana. Nifanye nini?
Mama Mdogo

Mama Mdogo, pole sana mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye vile vistari. Vinazidi kupungua, kwa hiyo naanzia hapo.

Watoto lazima waambiwe, na waambiwe mapema. Ila wa kuwaambia ni baba na mama yao, na kazi yako ni kuwapa nguvu ya kulisema. Mtafute shemeji usiku watoto wakishalala. Usimwendee kwa lawama. Huyo si mtu mbaya. Anajua kwamba siku atakayolitamka neno lile mbele ya watoto, na yeye mwenyewe atalisikia. Mwonyeshe daftari. Usiongeze maneno mengi, mwache alitazame.

Kisha mwambie hivi: watoto wanajua kuna kitu. Wanawaona watu wazima wakikatisha mazungumzo wao wakiingia. Mtoto asiyeelezwa hujieleza mwenyewe, na anayoyatunga mara nyingi hutisha kuliko ukweli. Huyo wa miaka 7 yuko kwenye umri ambao mtoto huweza kuamini kuwa neno lake au hasira yake imemletea mtu ugonjwa. Pengine siku moja alinuna akasema "simpendi mama", na baada ya siku chache mama akalazwa. Pengine anaogopa kuambukizwa. Au amemwona alivyokonda, macho yamekuwa ya manjano, akaona huyu si mama aliyemzoea. Kutoingia chumbani si utovu wa adabu, ni woga.

Maneno yawe machache, na yawe yenyewe. "Mama ana ugonjwa unaoitwa saratani. Madaktari wamejaribu dawa, zimeshindwa kuuondoa. Mama atakufa. Siku hatuijui. Hakuna ulichosema wala ulichofanya kilichouleta, na hauambukizi, unaweza kumkumbatia." Halafu aambiwe nani atamwamsha asubuhi na nani atampeleka shule, maana hilo ndilo swali ambalo watoto wengi hulibeba moyoni wakaona aibu kuliuliza. Msiseme mama atalala, wala atasafiri. Mimi nilikuwa na miaka 8 baba yangu alipofariki, na niliambiwa amesafiri. Kwa miaka mingi baadaye, kila nilipomwona mtu anafunga begi, tumbo lilinisokota. Walionificha walinipenda sana, lakini ule msiba niliubeba peke yangu.

Wa miaka 4 atasikia, atarudi kucheza, kesho atauliza mama anapona lini. Umri huo kifo hukichukulia kama kitu cha muda, mtu huenda akarudi. Mjibuni maneno yale yale kila anapouliza, bila kumgombeza. Yule wa miaka 11 anaelewa kwamba kufa hakuna kurudi, na ndiye ninayemhofia zaidi, kwa sababu ataacha kulia ili awasaidie. Atawavisha wadogo zake, atafagia, na nyote mtamsifu amekua. Msimsifu sana kwa hilo. Mpeni ruhusa ya kwenda kwa rafiki zake akacheke.

Sasa dada. Kunyamaza kwake kuulizeni kwa mambo mawili. La kwanza ni maumivu: je, anapata tiba shufaa, yaani ile ya kumtuliza mgonjwa asiyepona, na dawa inamtosha? Kama ni mofini ya kunywa, kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa 4, bila kungoja aanze kugumia. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari haimharakishi kufa, ingawa wengi huiogopa. Hufunga choo, hivyo muulizeni muuguzi dawa ya kulainisha tangu mwanzo. La pili ni lile ambalo Cicely Saunders, muuguzi aliyekuja kuwa daktari na kufungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuwatunza wanaoelekea kufa, London, mwaka 1967, alilisisitiza maisha yake yote: maumivu ya anayeelekea kufa si ya mwili tu. Mama aliyelala chumba cha pili, akisikia wanawe wanadanganywa sebuleni kwa ajili yake, hilo nalo linamuuma, na mofini haifiki huko.

Na hapa nina neno na wewe. Usiwe mama wa pili wakati wa kwanza yupo. Pika, fua, lakini ugomvi wa watoto mpelekee yeye aamue. Daftari la shule lisainiwe kitandani, hata akisaini kwa mkono unaotetemeka. Mwenye meno yanayong'oka akamwonyeshe mama. Akipata saa moja ya nguvu, mshikie simu arekodi sauti yake, mtoto mmoja mmoja. Si lazima yawe mausia makubwa. Asimulie siku kila mmoja alipozaliwa. Mambo ya wosia, akaunti na vyeti, shemeji ayamalize naye sasa wakati bado anaweza kusaini.

Jamaa wanaosema "ukihitaji chochote tuambie", wape kazi yenye siku yake. "Jumanne na Alhamisi wewe uwachukue watoto shule." Wengi wanangoja tu kuambiwa. Jumapili mchana toka humo ndani, ukalale kwingine, au ukalie kwingine.

Siku za mwisho atakataa chakula na atalala sana, na pumzi itakuwa inakatika na kurudi. Waelezeni watoto kabla hawajaiona. Anayetaka kuingia aingie, anayetaka kutoka atoke, na msikilizaji wenu mkuu awe bado ni yeye kitandani: zungumzeni naye hata kama hajibu.

Ile karatasi usiichane. Baba akishasema, kaa na mtoto, ufungue ukurasa ule, umwambie: "Nilikuambia wiki ijayo, na haikuwa kweli. Nilikuwa naogopa. Nisamehe." Kisha muulize kama angependa mwende wote wawili chumbani kwa mama, wewe ukiwa umemshika mkono. Akikataa, muulize tena kesho.

Shangazi