Mkichambua data pamoja, andikeni na sababu zake

Ukiajiriwa leo kwenye kitengo cha data hapa Nairobi, iwe ni shirika la utafiti, idara ya chuo kikuu au kampuni changa kule Ngong Road, hutakaa sana kabla hujatumiwa linki ya daftari la pamoja, yaani hati ya mtandaoni yenye maandishi na msimbo (maagizo kwa kompyuta) ambayo wengi huihariri kwa wakati mmoja. Utalifungua ukute vishale vya wenzako, kila kimoja na rangi yake, vikikimbia juu ya maandishi na msimbo. Inapendeza, na kazi inaenda mbio. Lakini lijue hili mapema: chombo hicho kinahakikisha kwamba nyote mnaona herufi zile zile, basi. Kukubaliana mmeachiwa nyinyi, na njia ya uhakika niliyoiona ya kukubaliana ni kuandika sababu ya kila uamuzi papo hapo, kando ya msimbo unaoutekeleza.

Tuanze na jinsi mashine inavyounganisha mikono mingi. Wazo lenyewe ni la zamani. Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart alionyesha hadharani watu wawili walio mbali wakishirikiana kwenye skrini moja. Mwaka 1989 Clarence Ellis na Simon Gibbs walieleza mbinu ya kutuma kila badiliko kama tendo dogo, "weka herufi hii mahali hapa", kisha kurekebisha mahali hapo kulingana na yale ambayo wengine wameshayafanya. Mwaka 2011 Marc Shapiro na wenzake wakatoa maelezo rasmi ya miundo ya data ambayo nakala zake zote huishia kufanana hata bila mwamuzi wa katikati. Yjs, maktaba ya msimbo ambayo JupyterLab, programu ya madaftari haya, huitumia kwa kazi ya pamoja, ni ya ukoo huo.

Sasa angalia mstari mmoja tu: `kikomo = 15`. Wewe uko Kilimani, unafuta 15 unaandika 20. Sekunde hiyo hiyo mwenzako aliye Kisumu, ambaye mtandao wake unasuasua, anafuta 15 na kuandika 10. Mashine inaheshimu ufutaji wenu na uandishi wenu wote wawili. Mstari unakuwa `kikomo = 2010`, au `kikomo = 1020`, na unafanana kwenye kila skrini. Hakuna aliyeuandika mstari huo, na programu itauendesha bila kulalamika. Ndiyo maana kwenye timu yetu seli moja, yaani kisanduku kimoja cha daftari, ina mtu mmoja kwa wakati mmoja. Anayeihariri anaandika jina lake juu yake, akimaliza analiondoa. Maandishi ya maelezo tunayaandika kwa pamoja bila wasiwasi, kwa sababu sentensi iliyovurugika huonekana kwa macho. Nambari iliyovurugika haionekani.

Hiyo 15 nayo ilitoka wapi? Hapa ndipo ningependa ukae kidogo, kwa maana karibu kazi yote ya data za utafiti iko hapa. Chukua hojaji ya maji kwenye mitaa kama Mathare au Mukuru, ambako watu wengi hununua maji kwa mtungi wa lita 20. Swali linasema: jana kaya hii ilitumia maji kiasi gani? Halitaji kipimo. Wakusanya data wengine wanajaza idadi ya mitungi, wengine wanajaza lita. Kwenye safuwima unakuta 3, 60, 2, 40, 0.5, 18. Mtu mwenye haraka ataamua kwamba chochote kilicho chini ya 15 ni mitungi, akizidishe kwa 20, aendelee na mambo mengine. Kwa kaya nyingi atakuwa sawa. Lakini mzee anayeishi peke yake na kutumia lita 10 atageuka mtu wa lita 200, na mama mwenye kibanda cha chakula aliyetumia mitungi 18 ataonekana ameishi na lita 18. Hao wawili ndio utafiti ulikuwa unawatafuta, na ndio kanuni imewapoteza.

Njia bora ni kuyapanga majibu kwa aliyeyakusanya. Mara nyingi utaona mkusanya data mmoja hana jibu hata moja linalozidi 20, na mwingine hana jibu hata moja lililo chini ya 20. Kila mmoja alishika kipimo chake tangu asubuhi hadi jioni. Basi unabadili kwa kuangalia nani alikusanya, na wale ambao majibu yao yamechanganyika unampigia simu msimamizi wa nyanjani. Saa huleta shida ya aina hiyo hiyo: aliyeandika 2 kwa mtu aliyechota maji saa mbili asubuhi, na aliyeandika 8, wanasema wakati mmoja. Dawa ni ile ile.

Na juu ya seli inayofanya hivyo unaandika kitu kama hiki:

"Swali halikutaja kipimo. Tumekagua majibu ya kila mkusanya data na kubadili kuwa lita kwa wale tu ambao majibu yao yote yanaonyesha walihesabu mitungi. Kaya zenye biashara ya chakula au kufua nguo zina alama yake, hatukuziondoa. Msimamizi wa nyanjani amethibitisha. Majibu yenye utata yameachwa wazi."

Linganisha na maelezo ninayoyakuta kila mara kwenye kazi za wageni wetu: "kurekebisha vipimo". Hayo hayamsaidii yeyote. Msimbo wenyewe umeshasema kwamba unarekebisha vipimo. Msomaji anataka kujua kwa nini hivi na si vile. Donald Knuth alilisimamia wazo hili mwaka 1984: tuandike programu kwanza kwa ajili ya binadamu, tukimweleza tunachotaka kompyuta ifanye, kwa mpangilio unaofaa akili yake. Mfumo wake, WEB, ulikuwa na faili moja iliyotoa vitu viwili, programu ya kuendesha na hati ya kusoma, na TeX, programu yake ya kupanga kurasa za vitabu, iliandikwa hivyo. Sweave ya mwaka 2002 na knitr ya mwaka 2012 ziliuleta utaratibu huo kwa watumiaji wa R, lugha ya kuchambulia takwimu. Madaftari ya Jupyter na hati za Quarto ni wajukuu wake. Ukilitumia daftari kama mahali pa kurundika seli bila aya hata moja, umeiacha nusu iliyo muhimu zaidi.

Kuna hatari nyingine ambayo daftari la pamoja huiongeza maradufu. Mkiwa ndani ya daftari moja mnatumia pia kumbukumbu moja ya hesabu: safuwima uliyoibadili wewe imebadilika kwa kila mtu. Rudi kwa yule mwenye haraka na kanuni yake ya 15. Kaya yenye 0.5, yaani nusu mtungi, inakuwa lita 10. Mwenzake asiyejua kwamba seli imeshaendeshwa anaibonyeza tena. 10 iko chini ya 15, kwa hiyo inazidishwa tena, na kaya ya nusu mtungi sasa ina lita 200. Usiandike kamwe juu ya safuwima ulizotoka nazo nyanjani. Acha `maji_ghafi` ilivyo, tengeneza `maji_lita` kutoka kwake, na seli hiyo hata ikiendeshwa mara mia itatoa jibu lile lile.

Kabla ya kumwambia yeyote kwamba umemaliza, anzisha daftari upya na uendeshe seli zote kutoka juu hadi chini. Ni amri moja kwenye menyu. Mwaka 2019 João Felipe Pimentel na wenzake walichapisha uchunguzi wa madaftari ya Jupyter yapatayo milioni 1.4 yaliyowekwa hadharani kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo. Kati ya yale waliyojaribu kuyaendesha upya, takriban robo tu yalifika mwisho bila hitilafu, na karibu asilimia 4 tu yalitoa matokeo yale yale. Nikiletewa daftari ambalo nambari za seli zake, zinazoonyesha zimeendeshwa kwa mpangilio gani, zinaruka kutoka 7 hadi 31 halafu 12, nalirudisha kabla ya kusoma neno.

Usikubali pia kishawishi cha "nitarekebisha kidogo kwenye Excel". Makala ya Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff ya mwaka 2010 kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi ilinukuliwa sana na wanasiasa. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu huko Massachusetts, alipolipata faili lao aliona fomula ya wastani ilikuwa imeziacha nchi tano za mwisho kwenye orodha. Kulikuwa na mambo mengine ya kubishania, lakini lile la fomula lilikaa miaka mitatu ndani ya kisanduku ambacho hakuna msomaji aliyekiona.

Stima ikipotea au bando likiisha, mabadiliko uliyoyafanya ukiwa nje ya mtandao yataingia yote kwa mpigo utakaporudi. Waambie wenzako, someni seli zilizoguswa, ndipo muendeshe. Na toleo mlilokubaliana liwekwe kwenye Git, mfumo wa kutunza kila toleo la faili, likiwa na ujumbe unaoeleweka. Historia ya daftari la moja kwa moja inaonyesha kilichobadilika tu. Uamuzi wa timu unahitaji mahali pake.

La mwisho ni zito, na watu wazuri hunaswa nalo. Seli inapoonyesha mistari mitano ya kwanza ya data, mistari hiyo inahifadhiwa ndani ya faili la daftari: majina, nambari za simu, mahali nyumba ilipo. Ukilipeleka kwenye Git, linabaki kwenye historia hata ukilifuta kesho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya za mtu kuwa nyeti, na inaweka masharti kabla data za watu hazijapelekwa nje ya Kenya. Seva ya daftari lenu huenda iko Ulaya au Marekani. Kwa hiyo vitambulisho vyote vinaondolewa kabla data haijafika kwenye daftari la pamoja. Kila kaya inapewa nambari isiyotokana na jina wala simu. Faili linalounganisha nambari hiyo na mwenyewe linakaa kwenye diski iliyofungwa kwa nywila, mikononi mwa mtu aliyetajwa kwenye itifaki ya maadili. Ukiletewa data ambayo bado ina majina, usiipakie hata "kwa muda tu". Mpigie aliyekutumia.