Umeongeza urefu wa kiatu, nundu inataka upana

Swali: Mimi ni mwalimu hapa Goma, naishi Himbi, nina miaka 47. Pembeni mwa kidole gumba cha mguu wa kulia kumetokea nundu, na kidole chenyewe kinakilalia cha pili. Nilikuwa navaa 39, nikapanda hadi 41. Maumivu ni yale yale, na sasa kisigino kinachomoka nikitembea. Sokoni wananiuzia kifaa cha plastiki cha kunyoosha kidole. Nikinunue? Na viatu gani vitanifaa?

Jibu la kinesi (mtaalamu wa tiba ya viungo): Mama Mwalimu, tatizo liko kwenye hiyo 41. Namba ya kiatu hupima urefu. Umeongeza kama sentimita 1.3 mbele ya vidole, mahali ambapo hukuwa na shida, na upana, ambako nundu inabanwa, umeongezeka kidogo tu. Tena kwa sababu kisigino hakina kinachokishika, kila hatua mguu unateleza mbele na kujisokomeza penye ncha.

Nundu hiyo si nyama iliyoota. Ni kichwa cha mfupa unaobeba kidole gumba. Mfupa umeegemea upande wa mguu wa pili, kidole kimeelekea upande mwingine, na kona ikajitokeza. Ngozi inayosuguliwa juu yake ndiyo inayovimba na kuwaka. Wafaransa wanaiita kitunguu. Mara nyingi umbo la mguu hurithiwa (mwombe mama au shangazi avue viatu uone), kisha viatu vyembamba na visigino virefu vinazidisha. Kiatu kizuri hakitaurudisha mfupa mahali pake. Kitaacha tu kuuchokoza.

Jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, simama wima juu ya kartoni. Mtoto achore kuzunguka kila mguu, kalamu ikiwa imesimama. Usijichoree mwenyewe, maana ukiinama uzito unahama. Kata hizo kartoni uende nazo sokoni. Ingiza kila moja kwenye kiatu chake: ikikunjamana pembeni, rudisha, hata muuzaji akiapa kwamba kitapanuka. Ngozi halisi hupanuka kidogo, lakini viatu vingi vinavyong'aa kama ngozi ni plastiki. Kartoni ikilala vizuri, vaa, simama, na hakikisha mbele ya kidole kirefu kuna nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono.

Sehemu ya juu iwe laini, bila mshono unaopita kwenye nundu. Kisigino kisizidi sentimita 3. Kamba au mkanda ni lazima, ndivyo vinavyozuia mguu kuteleza.

Soli ndiyo watu wa Goma tunayoisahau. Tunatembea juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, na soli nyembamba inakilazimisha kidole kupinda kwa kila jiwe. Kishike kiatu ukikamue kama nguo iliyofuliwa. Kikijinyonga chote, kiache. Kambambili zibaki nyumbani. Mitumba siipingi, ngozi iliyokwisha kulainika ni faida kwako, ila kiweke kwanza mezani: kikiinamia upande mmoja, kimeshachukua mwendo wa mwenyewe wa zamani.

Kama una kiatu cha ngozi unachokipenda, fundi anaweza kukipanua pale penye nundu tu, kwa kipande cha mbao cha mviringo. Chenye kamba, ruka tundu lililo karibu na nundu.

Kile kifaa cha plastiki kinaweza kukutuliza kidogo ukikivaa usiku, lakini asubuhi ukikivua kidole kinarudi kilikokuwa. Ukikivaa ndani ya kiatu chembamba, umezidisha msongamano. Hela hiyo ongezea kwenye kiatu. Upasuaji upo, nao ni wa mtu ambaye maumivu yanamzuia kutembea hata baada ya kubadilisha viatu. Haufanywi kwa ajili ya urembo.

Kidole kikiamka usiku ghafla, chekundu, cha moto, hata shuka hutaki ikiguse, hiyo inaweza kuwa jongo: nenda kwa daktari. Mwenye kisukari naye asingoje, hata kidonda kikiwa kidogo na hakiumi.

Na vile viatu vya Jumapili najua hutavitupa. Vibebe kwenye mfuko, uvivalie mlangoni mwa kanisa.