Umemaliza kilomita 42, hamu imekata: yaliyonitoa mimi hapo

Mkuu mleta uzi, nimekusoma mpaka mwisho. Umekimbia kilomita 42 Moshi, umemaliza kwa muda wa chini ya saa nne kama ulivyopanga, picha za medali zimezunguka magrupu yote, na tangu urudi Dodoma viatu hutaki hata kuviona. Unauliza kama ndiyo umeshaisha. Hujaisha. Mimi nilipita hapohapo baada ya mbio hizohizo, ila nilivyotoka sivyo wanavyokushauri wadau waliotangulia.

Kwanza tutenganishe mwili na hamu. Kilomita 42 zinaumiza misuli kweli, na wakimbiaji wa zamani wana kanuni yao: siku moja ya kupoa kwa kila maili ya mbio, yaani siku 26 kabla hujagusa mazoezi makali. Tembea, endesha baiskeli, joging nyepesi, basi. Pima mapigo ya moyo asubuhi kabla hujatoka kitandani. Kama bado yako juu kuliko kawaida yako, usingizi wa kukatikakatika na mapaja yanalalamika kwenye ngazi, hapo usilaumu hamu, mwili haujamaliza kujitengeneza. Na kama imefikia hata chakula, kazi na watoto havikupi raha kwa wiki kadhaa, achana na sisi wa mtandaoni, kamwone daktari.

Haya, hamu sasa. Ule mpango wa miezi ulikuwa unakuamulia karibu kila kitu: ulale saa ngapi, ule nini, Jumamosi uende kipaimara cha mtoto wa shangazi au ukate kilomita 30 kwenda Ihumwa na kurudi. Ukishavuka mstari wa mwisho hakuna anayekuamulia tena. Na wana joging nao hawana subira, medali iko shingoni bado wameshaanza, "Sasa unaelekea wapi?" Hapo juu mmoja kakwambia ukajiandikishe Comrades ya Afrika Kusini, kilomita karibu 90, mwingine anataka ulenge kumaliza marathoni kwa saa tatu. Nawaheshimu, lakini mimi sikubali. Lengo kubwa zaidi la aina ileile linakupa moto wa wiki mbili, halafu unarudi ulipokuwa, tena ukiwa na ada ya kiingilio uliyokwisha kulipa.

Kilichonirudisha mimi ni kwenda mahali ambapo sijui kitu.

Mtazame Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa zamani. Februari 1974, kule Christchurch, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3:32.16, akaongoza mwanzo mpaka mwisho. Olimpiki ya 1976 Tanzania ikagoma, hakukimbia. Mwaka 1980 akaleta medali ya fedha kutoka Moscow, na haikuwa ya 1,500. Ilikuwa ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mtu aliyewahi kuwa na rekodi ya dunia ya mbio moja akakubali kwenda kupambana kwenye nyingine kabisa.

Mimi viunzi siviwezi, magoti yananikatalia. Nikashuka kwenye mbio fupi. Huku kwetu Nkuhungu kuna kipande cha barabara ya vumbi, kutoka kwenye mbuyu mpaka nguzo ya umeme ni kama mita 400, na jioni vijana wa sekondari wanakimbia hapo. Nikaomba kujiunga. Walikuwa wanakwenda kasi mara moja, wanarudi wakitembea, wanakwenda tena. Mzunguko wa tatu kifua kinawaka, ninapofika kwenye nguzo wao wameshageuka. Kijana mmoja mwembamba akanisubiri, akaniambia kwa adabu zote, "Shikamoo baba. Legeza mabega, unakimbia kama umebeba ndoo mbili." Niliyekuwa natoa ushauri wa marathoni ofisini nikaitikia marahaba na kulegeza mabega. Wiki iliyofuata niliamka nikiwaza ile barabara kabla sijawaza kazi. Hali hiyo nilikuwa nimeisahau kabisa, maana kwenye mbio ndefu nilikuwa napigania sekunde chache kwa miezi, wakati huku kila wiki naona tofauti.

Kitu cha pili kilichosaidia ni kumsindikiza mtu mwingine kwenye mbio zake. Jirani yangu mmoja, mama wa watoto watatu, alitaka kumaliza kilomita tano bila kusimama. Ukiwa na mtu kama huyo saa haina kazi, unaongea naye tu mpaka asahau kwamba anachoka. Siongezi, ukijaribu utaelewa.

Kuna aliyekutajia Alphonce Simbu, mkimbiaji wa marathoni wa kwetu Singida, kwamba yeye hakukata tamaa. Kweli. Shaba ya mashindano ya dunia London 2017, dhahabu ya mashindano hayohayo Tokyo 2025 kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye hatua ya mwisho kabisa, muda wao ukaandikwa sawa. Katikati hapo kuna Olimpiki ya Paris 2024 aliyomaliza wa 17. Lakini ile ni kazi yake, ndiyo ugali wake. Wewe mshahara wako unatoka kwingine, na ukikaa msimu mzima bila kulenga mbio yoyote hakuna anayekudai. Binafsi naona hiyo ndiyo raha ya kuwa mkimbiaji wa mtaani, sijui kwa nini tunaikimbia.

Kwa hiyo mwezi huu saa iache nyumbani. Panda vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kwa miguu, au uje kule kwenye mbuyu, Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja na nusu jioni, jua likishalegea. Njoo na maji yako na kitambaa, upepo wa Dodoma ukianza lile vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Vijana hawana maringo, ila jiandae kuitwa baba.