Kula kwa mawazo, hipnotherapi inasaidia?

Dada pole sana, umesema ukigombana na mume unajikuta jikoni saa nne usiku unamaliza mkate mzima na njaa huna, na unauliza kama hipnotherapi, yaani tiba ya mtaalamu kukutuliza akili kwa maneno, itakutoa hapo. Inaweza kusaidia ila sio dawa ya siku moja, na sio uchawi wala mapepo kama watu wanavyodhani, hata hulali, unakuwa umetulia akili imekaa sehemu moja huku unasikia kila kitu, na hapo mtaalamu anakupitisha kwenye ile picha yenyewe, hasira imepanda, mkono uko kwenye mlango wa friji, halafu unajiona unafunga unaenda kukaa barazani, mnarudia hivyo hivyo mpaka uzoee. Chama cha madaktari Uingereza kiliikubali tangu 1955 ila kwa mambo kama maumivu ya kujifungua, sio kupunguza kilo, kwa hiyo anayekuahidi kilo kumi kwa wiki mbili huyo mkimbie.

Mimi ilinisaidia nilipochanganya na ushauri nasaha wa kawaida. Niliweka daftari juu ya friji, kabla sijashika chochote naandika saa na ninachohisi, na mara nyingi niliandika upweke, njaa wala haikuwepo. Tafuta mwanasaikolojia mwenye cheti kabisa, muulize kasomea wapi. Na kama ukishakula unajitapisha basi anzia hospitali, tafadhali hilo usilifiche dada yangu.