Umealikwa Harusi ya Kichina? Pitia Hapa Kabla Hujaenda Kutuaibisha

Kuna mdogo wangu mmoja kanitumia meseji juzi, anasoma Guangzhou, mwenzake wa maabara kamwalika harusi yake Foshan kwenye likizo ya sikukuu yao ya taifa, tarehe 1 Oktoba, anauliza dada nivae nini, nitoe shingapi, na mimi Muislamu kitimoto sigusi sasa nitakaa mezani nifanye nini. Nikaona hii haijibiki kwa meseji. Mimi nilishaalikwa hivyohivyo nilipokuwa chuo, na nilitoka kule na heshima zangu, wala sijishushi kwenye hili, wazazi wa bibi harusi mpaka leo mwaka mpya wao ukifika wananitumia salamu.

Yangu ilikuwa Shunde, hukohuko Foshan. Kama hupajui, Shunde ndo kule watu wa mkoa wa Guangdong wanakokusifia kwa wapishi, UNESCO wenyewe waliipa hadhi ya mji wa mapishi mwaka 2014, kwa hiyo ukialikwa harusi kule jua umeitwa kula.

Asubuhi nilikuwa kwa bibi harusi na mashoga zake, bwana harusi kaja na wapambe wake, mlango tumefunga, hatufungui mpaka bahasha nyekundu zipite chini ya mlango, zikipita tunasema hazitoshi, akiingia anakuta viatu vya bibi harusi vimefichwa avitafute. Mimi mtoto wa Pwani, kifungua mlango nakijua toka utotoni, nilidai hela kwa Kichina changu kibovu mpaka wale wapambe wakawa wanacheka nje. Halafu ikaja chai. Hapo utani wote ukaisha. Bibi harusi kavaa lile gauni lao jekundu limedariziwa joka na ndege kwa nyuzi za dhahabu na fedha mpaka kitambaa chenyewe hukioni vizuri, wamepiga magoti yeye na mume, wanawapa wazee chai kwa mikono miwili, na kila mzee akinywa anatoa bahasha au dhahabu. Mama mdogo wake alimvalisha mkufu wa dhahabu wenye nguruwe mama na watoto wake wamejipanga, ndo wanamwombea uzazi. Usiongee hapo, na simu weka chini.

Sasa hela, maana najua ndo unachotaka. Bongo tumezoea kadi ya mchango miezi kabla, kamati inakupigia simu kama unadaiwa benki, halafu unaulizwa single au double. Kule hakuna kamati, unatoa siku yenyewe mlangoni, bahasha nyekundu, noti mpya, na isiwe hesabu yenye nne maana nne kwao ni mkosi, sita na nane ndo zinapendwa. Mimi nilitia yuan 600, zaidi ya laki mbili za kwetu, kwa mwanafunzi hiyo ni hela. Nafika mapokezi namkabidhi shangazi mtu, kaipokea kwa mikono miwili, kakunja kona ya bahasha kidogo hivi, KANIRUDISHIA. Jamani. Moyo ulipiga paa, nikasema au kwa sababu mi mgeni, au wameona nanuka njaa? Ila sikuonyesha kitu, nilitabasamu nikasogea pembeni kuangalia anayefuata, baba mmoja mwenye suti ya maana, naye kakunjiwa kona karudishiwa. Ndo desturi ya sehemu nyingi za Guangdong, wamepokea nia yako, hela baki nayo. Lakini usije ukaenda na bahasha tupu kwa kutegemea hilo, maana ukienda mikoa mingine inachukuliwa yote na jina lako linaandikwa kwenye daftari na kiasi chake.

Nilivyosimulia kwenye grupu la Watanzania pale chuoni wakanicheka, eti unawachangia Wachina wana hela kuliko ukoo wenu wote. Mpaka leo linanikera hilo. Harusi ni ya rafiki yangu, utajiri wake unahusiana nini na heshima yangu?

Nguo: nyekundu mwachie mwenyewe, nyeupe tupu au nyeusi tupu usivae, za msiba hizo. Nilivaa kitenge cha bluu na njano na nikapendeza.

Ukumbini meza ni za duara za watu kumi au kumi na wawili, katikati kuna kioo cha kuzungusha. Chakula kikaanza kwa taa kuzimwa, muziki juu, wahudumu wakaingia kwa mstari wamebeba vitoto vya nguruwe vimechomwa vizima, ngozi inang'aa, na kwenye macho wameweka vitaa vyekundu VINAWAKA NA KUZIMA. Ndafu ya kwetu na majani yake mdomoni ikasome. Baada ya hapo ni supu, kamba, kuku, samaki wa mvuke mzima, vinakuja tu, wali na tambi ndo mwisho kabisa, kwa hiyo ukishiba mapema shauri yako. Watu wakisuuza vibakuli na vikombe kwa chai ya moto kabla ya kula na wewe suuza, mtu akikumiminia chai gonga meza kwa vidole viwili, ndo ahsante hiyo. Vijiti usivisimamishe kwenye wali, hivyo ni vya marehemu. Maharusi wakija mezani kwenu simama, kikombe chako kiwe chini kuliko cha mkubwa wako, na chai inatosha, pombe si lazima.

Na wewe Muislamu, mwambie rafiki yako SASA HIVI, sio siku ya harusi, maana mafuta ya nguruwe yanaingia hata kwenye mboga ukadhani ni majani tu. Kabla hujaenda pitia duka la tambi za Lanzhou, wenye nayo wengi ni Waislamu wenzako, ukale ushibe. Mezani kunywa chai yako, kula matunda, chekacheka.

Ila kubwa ni picha. Wajomba watataka kupiga na wewe, watoto watataka kushika nywele. Mimi nilipiga zangu nje kabla maharusi hawajaingia, baada ya hapo nilikaa kwenye kiti. Kuna mwenzetu mmoja alikuwepo, alisimama mbele ya mpiga picha yuko laivu, anageuza meza nzima kuwa shoo yake, baba wa bibi harusi akaniuliza kwa upole yule ni ndugu yako? Nilitamani ardhi ipasuke. Ukiwa mweusi peke yako ukumbini watu hawasemi fulani, wanasema Waafrika. Ndo ukweli, hata kama hauutaki. Siku ya mtu muachie mwenye siku yake, dada!

Matunda yakifika anza kukusanya vitu vyako, hakuna kucheza mpaka saa nane usiku, watu wanafungasha vilivyobaki kwenye vikontena na ukumbi unabaki mtupu hapohapo. Mlangoni waage wazazi kwanza, ndo maharusi. Bahasha nunua yenye ile alama ya furaha mbili, yaani herufi yao ya furaha imeandikwa mara mbili pamoja, zipo mpaka viduka vya mtaani, usibebe ya mwaka mpya iliyobaki kwenye droo.